Safari ya kwanza Ulaya mkiwa wawili: beba begi unaloweza kupanda nalo ngazi

Ukitaka kumtambua Mkenya anayesafiri nje mara ya kwanza, wala usiulize pasipoti yake. Tazama sanduku. Simama pale JKIA saa mbili usiku, wakati abiria wa ndege za Ulaya wanaanza kuingia, na utaona nissan nzima ya watu imekuja kumsindikiza mtu mmoja. Kuna anti, kuna pasta wa kuiombea safari, kuna binamu wa kupiga picha. Katikati yao kuna sanduku limefungwa kamba, kubwa hadi unadhani jamaa anahama na mlango wa nyumba.

Baadaye, huko ndani, utamkuta huyo huyo amepiga magoti mbele ya kaunta. Sanduku liko wazi, unga uko huku, viatu viko kule, na foleni nzima inatazama nguo zake za ndani. Mzani umesema kilo 31. Tiketi inasema 23.

Mimi na mume wangu, ambaye humu nitamwita Mheshimiwa kwa sababu anapenda kutoa maagizo, tulienda Ulaya kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba. Siku kumi: Amsterdam, halafu treni hadi Paris, halafu nyumbani. Kila mtu alikuwa na begi moja la mgongoni. Langu lilikuwa kilo 7 na nusu, lake kilo 8. Tuliyapima kwa mzani wa bucha ya mtaani, na jamaa wa bucha akatuuliza tunauza kilo ngapi.

Ushauri wa kusafiri mwepesi umejaa mtandaoni, na mwingine ni mzuri sana. Rick Steves, Mmarekani ambaye kitabu chake cha safari, Europe Through the Back Door, kilitoka mara ya kwanza 1980, amehubiri habari ya begi moja kwa miongo mingi. Lakini Mmarekani haombi viza kuzuru Ufaransa wiki mbili. Pia sidhani kuna jirani humwachia kifurushi cha kumpelekea mwanawe huko. Kwake, kubeba kidogo ni hesabu ya soksi. Kwetu, nguo ndiyo sehemu rahisi. Kinachojaza sanduku la Mkenya ni woga, mizigo ya watu wengine, na hamu ya kuonekana umefika. Hivyo vitatu ndivyo vya kutoa kwanza.

Uzito uweke kwa makaratasi

Nchi 29 za Ulaya zinatumia viza moja ya matembezi, ile ya Schengen. Jina ni la kijiji kidogo nchini Luxembourg ambako nchi tano zilitia saini mkataba wa kufungua mipaka Juni 14, 1985. Viza hiyo hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na ukishaingia nchi moja unaweza kuvuka hadi nyingine karibu kama mtu anayetoka Naivasha kwenda Nakuru. Nasema karibu kwa sababu polisi wanaweza kukagua njiani, kwa hivyo pasipoti ikae mahali unapoifikia. Uingereza na Ireland haziko humo. Usipange wikendi ya London kwa viza ya Schengen, utarudishwa kabla hujaiona.

Maombi unapeleka kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi. Sisi tulikuwa na usiku nne Amsterdam na tano Paris, kwa hivyo tuliomba Ufaransa. Siku zikilingana, unaomba ile nchi mtakayoingia kwanza. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Usicheze na hizo 15. Nafasi za miadi huisha haraka, na hakuna anayekuonea huruma eti tiketi ushalipia.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Wawili ni yuro 180, karibu shilingi elfu 27, na wakikunyima hurudishiwi hata ndururu. Kwa watu wanaoweka akiba ya safari kidogo kidogo kwa chama, hiyo si pesa ya kurusha hewani.

Hapo ndipo safari yetu ilikuwa na uzito wa kweli. Mheshimiwa ameajiriwa. Ana barua ya mwajiri, ana hati za mshahara, ana likizo iliyotiwa saini. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili na ninaishi kwa kuandika. Sina bosi wa kuniandikia kwamba nitarudi kazini Jumatatu. Watu wengi mtaani walituambia afadhali mzee aende pekee yake, mimi nibaki nikilinda nyumba, kwa sababu viza ni ya watu wa ofisi.

Kilichonisaidia ni karatasi, tena za kawaida tu. Cheti cha kusajili jina la biashara, ambacho unakipata kupitia eCitizen. Rekodi za kulipa kodi kutoka KRA. Mikataba ya wateja wawili. Taarifa ya benki ya miezi sita ikionyesha pesa ndogo ndogo zikiingia, lakini kila mwezi. Cheti cha ndoa. Mkataba wa nyumba tunayokodi. Ukiwa mtu wa kujiajiri kama mimi, anza kupitisha pesa zako kwa benki mapema, hata kama wateja wanalipa kwa simu. Na usikope laki mbili kwa rafiki uzirushe kwa akaunti wiki moja kabla ya miadi. Anayesoma ile taarifa anatafuta maisha yako, na maisha hayaanzi Jumanne iliyopita.

Ongeza bima ya safari, ambayo kiwango chake cha chini ni yuro 30,000. Pasipoti nayo iwe imetolewa katika miaka kumi iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kufanya kazi angalau miezi mitatu baada ya siku mnayopanga kutoka Ulaya.

Sasa sikiza hii, kwa sababu inahusu begi. Viza ikishabandikwa, wengi hurudisha makaratasi kwa kabati. Lakini viza haikuhakikishii mlango. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unalala wapi, unarudi lini na una pesa gani za kutumia. Sanduku lililoshuka tumboni mwa ndege utalipata baada ya kupita kwa afisa, si kabla. Kwa hivyo tiketi ya kurudi, nafasi za hoteli na bima vilikaa kwa faili moja nyembamba ndani ya begi la mgongoni, na nakala zake kwa simu zote mbili. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zilianza pia mfumo mpya wa EES, ambao hunasa alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri. Foleni inaweza kuwa ndefu. Ukiwa na begi moja mgongoni, unasimama tu na kusonga.

Mzani wa kweli ni ngazi

Hapa kwetu kuna mtu wa kukubebea kila mahali. Makanga atalirusha sanduku juu ya gari. Boda atalifunga nyuma kwa raba na kukaa mbele yake kama hakuna kitu. Ukifika stejini kuna kijana wa mkokoteni, na ukifika kwa ploti kuna askari wa lango anayetafuta ya chai. Tumezoea, ndiyo maana tunapakia bila kufikiria mabega.

Kule, makanga ni wewe.

Amsterdam ina nyumba za zamani zilizojengwa nyembamba na ndefu kando ya mifereji ya maji. Ngazi zake ni za kusimama, karibu kama zile za kupandia paa. Ukitazama juu ya nyumba nyingi utaona boriti imechomoza nje, ina ndoano. Ile ndoano ni ya kuvutia fanicha kwa kamba na kuipitisha dirishani, kwa sababu kochi haliwezi kupita kwa ngazi. Mji uliokata tamaa kupandisha viti kwa ngazi haukuwekei lifti kwa ajili ya sanduku lako. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne. Sisi tulipanda mara moja, mkono mmoja kwa reli. Wapenzi wengine waliofika nyuma yetu walikuwa na masanduku mawili makubwa ya magurudumu, na tulisikiza kila ngazi ikigongwa hadi juu. Walipofika hawakuwa wakiongeleshana.

Paris nako treni za chini ya ardhi zilianza 1900, na vituo vingi vilichimbwa kabla mtu hajafikiria lifti. Kati ya njia zote za Métro, ni ile ya 14 pekee unayoweza kuitumia kituo kwa kituo bila kukanyaga ngazi. Kwingine unashuka, unapanda, unazunguka pembe, unashuka tena. Ukitaka kufika kanisa la Sacré-Cœur kwa miguu kuna ngazi zaidi ya 200. Venice, kwa wale wanaoiota, ina madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi, na katikati ya mji hakuna gari wala boda. Ongeza barabara za mawe zilizoko kila mji wa kale, zinazokula magurudumu ya sanduku kama barabara ya murramu inavyokula shokabu.

Halafu kuna pesa. Treni nyingi hazipimi mzigo, ila ni wewe unaupandisha, na kituoni treni husimama dakika chache tu. Ndege za bei nafuu za huko ndizo zenye sumu. Unaona tiketi ya bei ya lanchi, kumbe ni ya mwili wako na kibegi cha kuweka chini ya kiti. Kwa Ryanair begi la bure lisizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Kwa easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Zaidi ya hapo unalipa, na ukilipia langoni ni ghali kuliko ukilipia mapema. Nenda na futi ya fundi nguo ulipime begi kabla ya kununua tiketi.

Hata starehe zina vipimo. Makumbusho ya Louvre hayaruhusu begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, na mnara wa Eiffel hauruhusu masanduku. Siku ya kuhama mji, mwenye sanduku kubwa anatafuta kabati la kukodi kituoni. Mwenye begi dogo anaenda zake.

Nguo: rudi bweni

Sisi tuliosoma shule za bweni tunajua hii kazi. Kidato cha kwanza ulienda na sanduku la bati lenye kufuli, ukakaa muhula mzima na mashati matatu. Ulifua jioni, ukaanika, ukavaa. Hakuna aliyekufa. Siku kumi Ulaya ni mchezo ukilinganisha.

Oktoba katika miji hiyo miwili ni kati ya nyuzi 8 na 16 hivi. Fikiria Limuru mwezi wa Julai, halafu uongeze upepo na manyunyu. Nilibeba koti moja, sweta moja, suruali mbili, fulana nne, blauzi moja ya heshima, soksi na nguo za ndani za siku tano. Raba za kutembea nilizivaa, na viatu vyepesi vya ngozi vikaingia begini. Nilivaa koti na raba ndani ya ndege, kwa sababu kile ulichovaa hakipimwi. Fulana zilikuwa za kitambaa chepesi kinachokauka usiku mmoja. Jinzi niliacha Nairobi: ni nzito, na ikilowa inachukua siku mbili.

Koti nililitoa Toi kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikawaongezea wauzaji kiburi. Mitumba mingi ya baridi ilitoka huko huko tunakoenda. Koti lilikuja Kenya ndani ya belo, likarudi Ulaya mgongoni mwangu, likaona Paris bure. Usinunue koti jipya la maduka makubwa kwa ajili ya siku kumi.

Sabuni beba ya kipande. Unajua sheria ya vitu vya majimaji kwa begi la mkononi: kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie ndani ya mfuko mmoja wa kuona ndani wa lita moja. Baadhi ya viwanja vya ndege vimeanza kulegeza, lakini vingi bado. Sabuni ya kipande si maji, haihesabiwi, na inafua, inaosha mwili, inamaliza kazi. Mafuta ya kujipaka ndiyo yanayowakamata Wakenya. Hata yale mazito ya kopo yanahesabiwa kama majimaji, kwa hivyo lile kopo la familia utaliacha kwa pipa la taka. Chukua kopo dogo, na usiende bila, maana hewa ya baridi itakufanya magoti meupe kama umetoka kusaga mahindi.

Dada zangu, nywele zishughulikiwe kabla. Nilisukwa Kenyatta Market siku mbili kabla ya safari, na hilo liliondoa kwa begi mashine ya kukausha, chanuo tatu na chupa nne. Leso nayo usiiache. Leso moja ilikuwa taulo, blanketi ndani ya ndege, shali jioni, pazia la dirisha lisilo na pazia, na gauni la kutokea bafuni. Inakauka haraka na inakunjwa hadi saizi ya mkate.

Chaja zetu za pini tatu hazingii kwa ukuta wa Ulaya bara, ambako soketi ni za pini mbili za duara. Umeme wenyewe hauna shida, karibu uko sawa na wetu. Adapta moja inatosha. Pawabenki ikae kwa begi la mkononi, isiingie kamwe kwa sanduku la kushuka chini, na isizidi wati 100 kwa saa. Ile ya kawaida ya 20,000 mAh ni kama 74, iko sawa.

Mkiwa wawili, kuna siasa

Mtu akisafiri peke yake anabishana na zipu. Wawili wanabishana wao kwa wao. Mheshimiwa alitaka kubeba suti ya harusi, eti kwa picha ya Eiffel. Mimi nilikuwa na gauni jekundu na viatu virefu vya kuendana nalo, kwa sababu hiyo hiyo. Tuliweka sheria moja: kitu ambacho hakitavaliwa angalau mara tatu, hakiendi. Suti ikarudi kabatini, gauni likafuata. Picha ya Eiffel tuko na makoti ya mitumba, na ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Sheria ya pili: kila mtu anabeba begi lake. Inasikika kama ukali, lakini inazuia maneno. Ukijua ni bega lako litalipa, unapakia kwa akili. Ukijua kuna mtu wa kukusaidia, unaongeza viatu.

Sheria ya tatu ni ya vitu vya kugawana. Adapta moja, dawa ya meno moja, sabuni moja, kifurushi kimoja cha dawa. Dawa za daktari ziwe kwa pakiti yake na karatasi ya daktari. Lakini vitu vya kuokoa maisha vinagawanywa: kadi moja ya benki kwake, nyingine kwangu, pesa taslimu nusu kwa nusu, na nakala ya pasipoti ya kila mmoja kwa begi la mwenzake. Paris wezi wa mifuko wako, hasa kwenye Métro na sehemu za watalii. Aliyelelewa na stendi za River Road hahitaji mafunzo, simu haikai mfuko wa nyuma. Ila mikono ikiwa miwili kwa sanduku mbili, hata mjuaji anaibiwa.

Mkiamua kushusha sanduku moja chini ya ndege, changanyeni. Nguo za siku moja za kila mmoja zikae kwa begi la mkononi. Sanduku likipotea, hampotezi wikendi mkinunua soksi za yuro.

“Nipelekee tu hii”

Mzigo mgumu kuliko yote hauna uzito mkubwa. Ni ile bahasha ya mtu.

Wiki moja kabla tuondoke, mama mkwe alipiga simu. Jirani yake wa kanisani ana kijana Paris, na angependa tumpelekee kifurushi kidogo, kishafungwa vizuri, hatutahisi hata uzito. Sasa, mama mkwe humwambii hapana hivi hivi, hasa ukiwa umeolewa juzi. Nilimpa Mheshimiwa simu.

“Ni majani chai tu, mwanangu,” mathe akasema.

“Mathe, naelewa,” Mheshimiwa akajibu. “Lakini tukiulizwa pale kama tumepakia wenyewe, tutasema nini? Kama ni majani chai, acha nimnunulie mimi mwenyewe dukani, nimpelekee kwa jina lako.”

Kukawa na kimya. Halafu mathe akasema, “Haya. Basi ile ya Kericho.”

Hii ndiyo sehemu ambayo nawaomba msome mara mbili. Kitu kikipatikana ndani ya begi lako ni chako. Polisi hawatampigia jirani wa kanisani. Vijana wamefungwa nchi za watu kwa sababu ya vifurushi walivyopewa na mtu waliyemjua, au aliyejulikana na mtu waliyemjua. Heshima kwa wazazi haivunjwi ukikataa kifurushi kilichofungwa. Inavunjwa ukimfanya mzazi auze shamba akutafutie wakili. Nunua mwenyewe, pakia mwenyewe, funga mwenyewe. Majani chai nusu kilo tulimpa yule kijana nje ya kituo cha Gare du Nord, akainusa pakiti kama mtoto mchanga.

Chakula kingine nacho kina sheria. Nyama na maziwa, na chochote kilichotengenezwa kwa hivyo, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya ndani ya begi la msafiri. Hiyo ina maana nyama kavu hapana, soseji hapana, na mursik ya kumkumbusha binamu nyumbani hapana. Matunda mengi, pamoja na maembe na maparachichi, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Matunda yaliyoachiliwa ni matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani. Na kama wewe ni wa zile doo kubwa, yuro 10,000 au zaidi taslimu lazima uzitangaze.

“Mmetuletea nini?”

Kurudi nako kuna mizigo. Kabla ya safari ndugu na mbogi ya mtaa walishatoa oda: viatu, manukato, simu. Tuliongea mapema. Tuliwaambia bei ya tiketi ndiyo zawadi tuliyojipa, na kila nyumba itapata kitu kimoja kidogo. Wengine walinuna siku mbili. Shosho alipata shali. Mama mkwe alipata picha yetu tukiwa na yule kijana wa Paris, tuliyoichapisha huko huko, na ameiweka sebuleni juu ya runinga. Mbogi walipata stroopwafel, biskuti bapa za Kiholanzi zenye sharubati ya sukari katikati, na ziliisha kabla hatujamaliza hadithi.

Hivyo vyote viliingia kwa begi lile lile kwa sababu tulilijaza robo tatu tu wakati wa kwenda. Na mkinunua vitu huko, msirudi na mifuko ya plastiki ya dukani. Kenya ilipiga mifuko hiyo marufuku tangu Agosti 28, 2017, na inakuhusu hata ukishuka kwa ndege. Kiondo kidogo kilichokunjwa chini ya begi kinamaliza hiyo kesi.

Kama mnapanga safari yenu ya kwanza, fanyeni jaribio hili wiki moja kabla, kukiwa bado na muda wa kubadilisha mawazo. Pakieni kila kitu. Vaeni koti na zile raba. Tokeni kwa nyumba, tembeeni hadi stejini, mzunguke mtaa nusu saa, mrudi, mpande ngazi za ploti hadi ghorofa ya juu kabisa bila kuweka begi chini. Majirani watauliza mnahama kwenda wapi, waambieni ni mazoezi. Mkifika juu bado mnaongea na kucheka, mko tayari. Kama mmoja ameshanyamaza, fungueni begi lake pamoja, na kitu cha kwanza kutoka kiwe kile kilichowekwa kwa ajili ya macho ya watu.